Mshale Uliogoma Kushuka

Usiku ule sikulala. Jilo, mwanangu, alikuwa anarudi kutoka Malindi na lori la Bwana Abdulsalam, na lori lilipaswa kufika Garsen kabla ya magharibi. Magharibi ikapita, isha ikapita. Nilitandika mkeka nje kando ya ukuta, maana nikiwa ndani masikio yangu hayafiki mbali. Garsen ina sauti zake za usiku: viboko wakipanda kutoka mtoni kuja kula mashamba yetu, watu wakipiga madebe kuwafukuza, fisi upande wa malisho. Sauti ya lori ni nyingine kabisa. Huanza kama mtu anayesaga mahindi nyumba ya tatu, kisha husogea. Niliisikia mara nyingi usiku ule, na kila mara kilikuwa kitu kingine.

Jilo ni mwanangu wa pili. Wa kwanza, Buya, alikwenda Mombasa wakati wa vita vya Wazungu kufanya kazi bandarini, akasema atarudi mavuno yakifika. Mavuno yamefika na kupita, yamefika na kupita. Hutuma salamu, lakini salamu hazichoti maji. Kwa hiyo Jilo aliposhika usukani wa lori la Abdulsalam nilimshukuru Mungu kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Lori lile likienda Malindi hurudi Garsen. Likienda Hola hurudi Garsen. Dereva wake ni kama ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu, huenda mbali akala, jioni yuko zizini. Baba yake alikwishafariki, na mimi sikutaka kuona mgongo wa mtoto mwingine ukiishia kwenye vumbi la barabara.

Tangu mdogo Jilo alikuwa mtu wa kuuliza. Maji ya mto wetu ni mekundu kwa tope, na kila mwanamke wa hapa huyamimina mtungini jioni, akayaacha yatulie ili asubuhi achote ya juu. Jilo alikuwa akichuchumaa mbele ya mtungi kwa muda mrefu hadi namfukuza.

"Mama," aliniuliza siku moja, "tope linajuaje njia ya kwenda chini?"

Mimi nilisoma juzuu chache kwenye chuo cha Kurani, na baadaye kina mama tulifundishwa herufi za Kizungu kwa miezi kadhaa. Swali lile halikuwamo huku wala kule. Nilimwambia aende akacheze, nami nikabaki nautazama mtungi.

Alipokua kidogo alikaa kwa mjomba wake Uledi, kaka yangu, ambaye huchonga mitumbwi. Uledi ndiye aliyemfundisha kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za mtumbwi. Huchukua nyuzi za pamba, akazilowesha kwa utomvu wa mti uliochemshwa na mafuta ya simsim, akazishindilia kwenye ufa. Ikikauka, maji hayapiti ng'o. Jilo aliijua kazi ile vizuri, lakini lori la kwanza lilipoingia Garsen aliliacha shoka la mjomba wake chini na kwenda kulitazama. Hakurudi tena kwenye mitumbwi. Alianza kwa kuosha magurudumu, akawa turniboi, msaidizi wa dereva, mwisho akawa dereva.

Alfajiri, kabla sijakunja mkeka, akaja Abduba na kibuyu cha maziwa. Abduba ni mchungaji wa Kiorma ambaye hutuletea maziwa tangu mume wangu alipokuwa hai. Hana haraka ya maneno. Aliweka kibuyu chini, akajifuta uso, ndipo akasema:

"Mama Jilo, gari ya mtoto yako iko."

"Iko wapi?"

"Porini. Imefungua mdomo. Yeye amekaa chini, anaangalia gari. Gari inaangalia yeye."

"Mzima?"

"Mzima. Mimi nilipa yeye maziwa, akakunywa. Halafu aliuliza mimi, 'Abduba, unaona moshi?' Mimi nikasema hapana. Akasema, 'Hata mimi sioni.' Akakaa tena."

Mwanangu alikuwa hai, hilo la kwanza. Lakini la pili lilinishika: mtu anayekaa porini usiku kucha akitafuta moshi ambao haupo, ana shida gani?

Lori liliingia jua likiwa juu. Lilikuwa zee, lilitoka jeshini vita vilipokwisha, na chini ya rangi ya buluu ulionekana bado ukijani wa askari. Lilikuja polepole kama mgonjwa anayeongozwa msalani. Abdulsalam alikuwa tayari amesimama barazani mwa duka lake. Huyu baba yake alitoka Lamu, naye amekaa Garsen tangu ujana wake. Ana ulimi mkali, lakini hajapata kumnyima mtu chumvi. Kitu kimoja tu humtoa akilini, nacho ni mshale wa moto, ule ulio mbele ya dereva unaoonyesha joto la injini. Lori lake la kwanza liliungua injini njiani karibu na Witu kwa sababu dereva aliuona mshale umefika kwenye moto, akaudharau, akaendelea. Tangu siku ile Abdulsalam huuamini mshale kuliko anavyomwamini binadamu.

Alipanda hatua ya lori akachungulia ndani. Mimi nilikuwa nimekwisha fika, nikasimama upande wa pili.

"Mshale uko wapi?" aliuliza.

"Kwenye moto, Bwana," alisema Jilo.

"Tangu lini?"

"Tangu natoka Malindi."

"Ukaniendeshea injini kwenye moto kutoka Malindi!"

"Nilisimama kila mara, Bwana. Nilifungua rejeta. Maji hayakuchemka hata kidogo. Yamejaa mpaka juu."

"Mshale unasema moto. Na wewe unasema nini?"

Jilo akajibu, "Nasema sijui."

Pengine angedanganya ingekuwa heri. Abdulsalam alishuka akapiga kofi mapajani. "Haya, jamani, nisaidieni! Dereva hajui! Mtu akija dukani kwangu kuuliza sukari, huambiwa sijui?" Watu wawili watatu wakacheka. Akaamuru lori liingizwe bandani. Ni banda la mabati kando ya duka, lenye mlango wa mbao wa mbawa mbili, na mlango mdogo wa kuingilia kutoka dukani. Jilo alipotoka, Abdulsalam akautia mlango kufuli. "Yule dereva wa Malindi aliyeniomba kazi mwaka jana," alisema, "nitamwita. Wewe pumzika."

Nyumbani Jilo hakula. Aliosha miguu, akaketi, akasema akitazama ukuta, "Mama, niliwaza njiani. Buya atanipatia pa kulala Mombasa."

Mimi namjua mwanangu. Ukimwambia usiende, atakwenda. Ukimuuliza swali, atakaa alijibu. Basi nikamuuliza.

"Kwanza nieleze lilivyokuwa. Tangu mwanzo."

Akaeleza. Jioni ya kuamkia safari, kule Malindi, aliona tone la maji ubavuni mwa injini. Pale pana kizibo cha shaba chenye mkia wa waya. Kizibo hicho ndicho kinachoonja maji ya injini na kupeleka habari kwenye mshale. Maji yalikuwa yanapenya kwenye mizingo yake, ile mikato ya kuzunguka inayokikaza kwenye injini. Jilo alikifungua, akakizungushia kalafati ya mjomba wake, ambayo huwa nayo siku zote kwenye kopo, akakikaza. Asubuhi hakukuwa na tone. Aliondoka Malindi kwa furaha, na hajafika mbali akaona mshale uko kwenye moto. Akasimama. Akafunika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa kibichi, akageuza uso pembeni kama anayefunua chungu, akafungua. Maji yametulia. Akangoja mshale ushuke. Haukushuka. Akaenda kidogo, akasimama, akangoja. Hivyo mchana, hivyo usiku.

"Injini ikichemka inasemaje?" niliuliza.

"Inanguruma ndani, Mama. Maji yanagonga, mvuke unatoka."

"Kama sufuria."

"Kama sufuria."

"Na hii ilikuwa kimya."

"Kimya."

Hapo nikakumbuka jambo. Kila asubuhi mimi humpelekea Jilo uji bandani, na huketi pale kwenye hatua ya lori hadi amalize, kwa kuwa nisipomwona akinywa huwa nadhani hakunywa. Macho yangu hayana kazi wakati ule, hutazama kila kitu. Lori likiwa limezimwa, mshale hulala upande wa moto. Jilo akiwasha swichi, mshale huinama taratibu hadi kwenye baridi, kama mtu anayeitikia salamu kwa kichwa. Kisha injini ikipata moto ndipo huinuka tena, ukasimama katikati. Niliwahi kumuuliza kwa nini ulale kwenye moto ilhali injini ni baridi. Alicheka akasema ndivyo walivyouunda: usipopata umeme hulala upande ule.

"Jilo," nikasema, "jana asubuhi ulipowasha swichi, mshale uliinama?"

Alinitazama, kisha akatazama mkono wake wa kulia, kana kwamba mkono ndio utakaojibu.

"Haukuinama," alisema. "Injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na mshale haukuinama."

"Basi ulikuwa unasema nini?"

"Haukuwa unasema kitu, Mama. Ulikuwa umelala."

Alisimama, hakuvaa hata viatu.

Abdulsalam alitusikiliza barazani akijipepea kwa upepeo wa ukili. "Mshale umelala," alirudia. "Sasa mshale wangu una usingizi. Kesho mtaniambia una wivu."

"Bwana," nikasema, "mgonjwa hazikwi kwa kuwa amenyamaza. Mtu humtikisa kwanza."

"Mama Jilo, wewe ni fundi tangu lini?"

"Mimi ni mpishi. Lakini najua chungu kilichochemka na ambacho hakikuchemka."

Alinitazama, akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kufuli. "Mpaka alasiri. Na mimi nitakaa humohumo nione. Msinivunjie kitu."

Jilo alifungua bomba la chini ya rejeta, maji yakateremka ndani ya debe. Hakuna aliyeyamwaga, mtoni ni mbali na kuna mamba. Kisha akakifungua kizibo kwa spana, akakitoa. Ni kitu kidogo, kiasi cha kokwa la embe dodo, na nilishangaa kwamba kitu cha hivyo kinaweza kumtoa mtoto wa mtu kazini.

"Mama, nataka sufuria ya maji yanayochemka. Na mtungi wako wa maji baridi."

Nilipanga mafiga matatu palepale nje ya mlango wa banda, nikawasha moto, nikateleka. Watu walikusanyika. Mmoja akauliza kama lori limealikwa chakula cha mchana. Jilo alileta waya mrefu, akaufunga kwenye mkia wa kizibo, na ncha ya pili kwenye waya unaokwenda kwenye mshale. Akaleta na wa pili, akaufunga kwenye kiwiliwili cha kizibo, na ncha yake ya pili akaifunga kwenye chuma cha lori. Abdulsalam hakutaka mtu mwingine akae kwenye kiti cha dereva. Alipanda mwenyewe, akavua kofia, akakaribia mshale hadi pua ikaugusa.

"Washa swichi, Bwana," Jilo alisema.

Sauti ikatoka ndani ya lori, sauti ambayo sikupata kuisikia kwa mtu mzima yule. "Unainama! Wallahi unainama! Umefika kwenye baridi!"

Jilo akakishika kizibo kwa waya zake, akakitumbukiza kwenye sufuria. Maji yalikuwa yanatokota. Tukangoja. Niliona jasho kwenye shingo ya mwanangu.

"Unaamka," Abdulsalam akasema polepole. "Unapanda. Katikati. Umepita katikati. Uko kwenye moto!"

Akakitoa, akakitia mtungini.

"Unashuka! Huyoo, anashuka! Rudisha kwenye moto, Jilo, nione tena."

Kikarudishwa kwenye moto, kikarudishwa kwenye baridi. Nadhani Abdulsalam angekaa pale mpaka Ijumaa. Abduba, ambaye alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo, alisema kwa heshima kwamba kitu hiki ni kizuri, kingemfaa kwa ndama wenye homa.

"Basi kizibo ni kizima," Abdulsalam alisema akishuka. "Kinajua moto, kinajua baridi. Kwa nini kilinidanganya?"

Jilo alikirudisha mahali pake kwenye injini, akakikaza, akarudisha waya wa mshale kwenye mkia wake, akajaza maji. Akawasha swichi mwenyewe. Mshale haukutikisika, ulibaki kwenye moto. Kila mtu aliona. Kizibo kilekile, mshale uleule, na injini haijawashwa kabisa.

Abdulsalam akavaa kofia yake. "Alasiri inakaribia," alisema, na sauti yake ya kawaida ilikuwa imerudi.

Wakati huo Uledi alikuwa amefika, mikono yake imejaa vumbi la mti, naye alikuwa akiuliza kila mtu kumetokea nini. Mimi nilikuwa natazama chini, kwenye waya uliolala karibu na mafiga. Wakati wa sufuria waya zilikuwa mbili. Sasa kwenye injini nauona mmoja.

"Jilo, na huu waya wa pili?"

"Huo hauna kazi pale, Mama. Umeme hutoka kwenye betri, ukapita kwenye mshale, ukashuka kwa waya hadi kwenye kizibo. Kisha lazima urudi kwenye betri. Ni kama pantoni ya mtoni, ikivuka bila kurudi, waliobaki hawavuki tena. Sufuriani ulirudi kwa waya wa pili. Kwenye injini, chuma chenyewe cha injini ndiyo njia ya kurudi. Kizibo kinagusa chuma, basi."

"Kinagusa?"

"Kimekazwa ndani yake, kitaacha vipi..." Akakomea hapo.

Aliokota waya wa pili. Ncha moja akaikandamiza kwenye ubavu wa kizibo, pale kilipo, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. "Bwana, tazama mshale!"

"Unainama!" akapiga kelele Abdulsalam, ambaye sikumwona akipanda tena.

Jilo akautoa waya. "Sasa?"

"Umerudi kwenye moto!"

Akauweka. Ukainama. Akautoa. Ukarudi. Mwanangu akaanza kucheka peke yake, akashika spana, akakitoa kizibo mara ya pili, maji yakimwagikia miguuni, na hakujali. Akakileta juani. Mizingo yake yote ilikuwa imevikwa nguo nyeusi, laini, iliyokauka vizuri: kalafati.

Uledi akakinyakua, akakigeuza, akakwaruza kwa ukucha. "Nani ametia hii?"

"Mimi, Mjomba."

"Umeitia vizuri sana. Tazameni, jamani, huyu mtoto nilimfundisha akiwa hajaota jino la pili. Hakuna tone linalopita hapa!"

"Ndiyo, Mjomba. Na umeme haupiti."

"Umeme nao ni maji?"

"Haupiti kwenye pamba na utomvu. Unataka chuma kiguse chuma. Nimekiziba kikazibika kila kitu."

Uledi alifikiri, akakirudisha mkononi mwa Jilo. "Basi kosa si la kalafati," alisema. "Kalafati imefanya kazi yake. Ni lori ndilo halikujitambulisha kwamba si mtumbwi."

Watu walicheka hadi Abduba akashusha mguu wake wa pili. Hata Abdulsalam alicheka, lakini alikuwa wa kwanza kunyamaza. "Mkiitoa hiyo dawa, maji yatavuja tena. Nitafanya nini na lori linalosema kweli huku likikojoa njia nzima?"

Hilo lilikuwa neno. Jilo aliisugua mizingo kwa mafuta ya taa na kitambaa hadi shaba ikang'aa, lakini tone lilikuwa palepale likitungoja. Ni Uledi aliyepata njia, pengine kwa kuona aibu ambayo hakutaka kuionyesha. Alimwomba Abdulsalam senti kumi, ile kubwa ya shaba yenye tundu katikati.

"Sasa lori langu linakula pesa mchana kweupe," Abdulsalam alilalamika, lakini akaitoa.

Uledi aliitia kwenye makaa yangu mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza mtungini ikalia tss, ili ilainike. Kisha akachukua tupa na kuanza kulipanua tundu. Taji la mfalme lililochorwa kwenye senti likaliwa na tupa kidogo kidogo. Alipima kwa kizibo, akaongeza, akapima, hadi pesa ikawa pete, ikakaa shingoni mwa kizibo kana kwamba ilizaliwa nacho. Jilo akakikaza, shaba juu ya chuma. Akajaza maji. Tukainama sote kutazama. Hakuna tone. Akawasha swichi, mshale ukaitikia salamu. Akawasha injini, ikanguruma, na baada ya muda mshale ukainuka ukasimama katikati, mahali nilipouzoea.

Nilidhani yamekwisha. Abdulsalam alizima injini mwenyewe, akatutoa wote nje, akausukuma mlango, akatia komeo kwa ndani, akatujia kwa mlango wa dukani.

"Leo limesema kweli," alisema. "Lile lililoniungulia Witu nalo lilisema kweli siku nyingi. Kesho alfajiri nitaingia peke yangu. Jilo, sitaki mkono wako wala sauti yako. Nikiona mshale uko sawa, nitaufungua mlango huu na mzigo wa Hola ni wako. Nikiona haupo sawa, nitatoka kwa mlango wa dukani na huu utabaki umefungwa mpaka dereva wa Malindi aje."

Jilo alifunga nguo zake usiku ule kwenye kitambaa. Sikumuuliza ni za Hola au za Mombasa.

Alfajiri, baada ya swala, tulisimama mbele ya banda, mimi, Jilo na Uledi, nami nimebeba uji. Tulimsikia Abdulsalam akiingia kutoka dukani. Tulisikia mlango wa lori ukifunguliwa, kiti kikilia chini yake. Tukangoja injini iwake, haikuwaka.

Jilo akanishika mkono. "Mama," alinong'ona, "likiwa limezimwa mshale hulala kwenye moto. Sijapata kumwambia. Jana kila mara alipoutazama, swichi ilikuwa imewashwa, au mimi nilikuwapo kumwambia awashe. Sasa amekaa anautazama uko kwenye moto, na injini ni baridi."

Ndani kiti kikalia tena, kama mtu anayenyanyuka.

Nilikwenda kwenye ufa wa mlango, nikaweka mdomo. "Bwana Abdulsalam! Sabalkheri!"

"Nilisema sitaki sauti!"

"Ulisema ya Jilo. Ya kwangu haimo katika sharti lako. Bwana, huo mshale umelala. Kabla hujauhukumu, usalimie. Washa swichi."

Nilitoa mdomo kwenye ufa, nikaweka jicho, lakini ndani giza bado lilikuwa zito. Uledi alikuwa akisema kitu kwa sauti ya chini, nadhani ilikuwa dua, au alikuwa anaitukana kalafati yake. Niliutazama uji ukifanya utando juu. Nilimtazama mwanangu na lile furushi lake dogo, nikafikiri kwamba barabara ya Mombasa inaanzia palepale tuliposimama, hatua chache nyuma yetu.

Ndipo stata ikakohoa. Ikakohoa tena, na injini ikashika, mabati ya banda yote yakatetemeka. Iliendelea kunguruma muda wa kutosha maji kupata moto. Nilizihesabu pumzi zangu nikapotea.

Komeo likagonga ubao. Ubawa mmoja wa mlango ukasogea, ukakwama kwenye mchanga, ukasukumwa kwa bega. Kisha wa pili. Abdulsalam alikuwa amesimama katikati, kofia imekaa upande, nyuma yake lori likiunguruma na taa moja inawaka.

"Uko katikati," alisema. Akamtazama Jilo, akalitazama furushi. "Hilo lipande nyuma na magunia. Kunywa uji kwanza, mama yako asije akanisimamia mlangoni tena."